Miguu Iliyofungiwa: Mwongozo Kamili wa Kuikinga, Kuitibu na Kuirudisha Uwanjani

Jioni ya kwanza tuliyorudi uwanjani mwaka 2021, hapa Nakuru, nilifanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Tangu tarehe 26 Machi kaunti yetu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Michezo ilipigwa marufuku na vijana wangu wakabaki nyumbani. Zuio lilipoondolewa na tukaruhusiwa kucheza tena, mimi nilikuwa na kiu ya mpira kuliko wao. Niliwapa dakika kumi za kukimbia polepole, kisha nikawapanga mstarini kwa mbio za kasi, mita 40, mara kumi. Kwenye mbio ya saba winga wangu wa kulia alisimama ghafla na kugeuka nyuma.

"Kocha, nani amenirushia jiwe?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshika shavu la mguu, na msuli ulikuwa umechanika. Kabla ya magharibi beki mmoja naye alikuwa chini, ameshikilia nyuma ya paja.

Wote wawili walikuwa wakipumua vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Vijana walikuwa wamekimbia-kimbia mtaani wakati wa kufungiwa, vifua vyao vilikuwa sawa, nami nikadhani miguu pia iko sawa. Pumzi hurudi mapema, kano hukawia. Ukibeba jambo moja tu kutoka hapa, beba hilo, kwa maana hatua zote zinazofuata zinatoka humo.

Naandika kwa makocha wa mitaani, wanariadha wanaojifunza wenyewe na wazazi wenye watoto wanaocheza, kuanzia hapa Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Korona imepungua makali, lakini kufungiwa huja kwa sura nyingi: ugonjwa mwingine, likizo ndefu, mafuriko, uwanja kufungwa kwa ukarabati. Mguu haujali sababu.

Kwanza, kinachotokea ndani ya mguu uliokaa

Ukikaa wiki tatu bila mazoezi, mlima uliokuwa ukiupanda huku ukipiga hadithi utakukatisha maneno. Ukirudi kufanya mazoezi wiki tatu au nne, hadithi zinarudi. Msuli nao hupungua, lakini hujaa tena bila shida kubwa. Kano ni mambo mengine. Hiyo ni ile kamba ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa. Damu inayoifikia ni kidogo, na kuzoea mzigo mpya huichukua miezi.

Mfupa una tabia yake pia. Unapoanza kuupiga barabarani upya, mwili hubomoa kwanza sehemu zilizochakaa ndipo ujenge mpya, kama fundi anayebandua plasta ya zamani kabla ya kupiga nyingine. Katika wiki hizo za katikati mfupa huwa dhaifu kuliko siku ulipoanza. Ndiyo maana mkimbiaji anaweza kumaliza wiki tatu za kwanza salama kabisa, akajisifu, kisha wiki ya tano ugoko unaanza kumuuma.

Kuna mfano ambao huwa nawapa makocha wenzangu. Mwaka 2011 wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walifungiwa nje na wenye timu kwa sababu ya mgogoro wa mikataba. Walikaa zaidi ya miezi minne bila kocha wala daktari wa timu. Waliporudi kambini, wachezaji 12 walikatika kano ya kisigino ndani ya siku 29, na 10 kati yao walikatika katika siku 12 za mwanzo. Hao ni watu wenye vyumba vya mazoezi nyumbani na pesa za kula vizuri. Ligi ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020, sheria ilikuwa imebadilishwa kwa muda ili timu ibadilishe wachezaji watano badala ya watatu, kwa kuwa ilijulikana miili haikuwa tayari kwa mechi zilizobanana.

Kwetu kafyu iliongeza tatizo lake. Mwaka 2020 ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Juni 2021 kaunti 13 za upande wa Ziwa na Magharibi, Kisumu, Kakamega, Vihiga na Busia zikiwemo, ziliwekewa tena kafyu ya saa moja. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja ana muda gani? Anafika uwanjani mbio, na kinachokatwa kwanza ni kupasha mwili joto. Nimeona majeraha mengi yaliyotokana na dakika 15 hizo zilizoibwa kuliko yaliyotokana na rafu.

Hatua ya 1: Pima mguu ukiwa mzima

Chukua daftari. Fanya vipimo hivi vinne, kila mguu peke yake, na uandike tarehe.

Simama kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta kidogo, goti limenyooka. Inua kisigino juu kabisa, shusha, rudia, mara moja kila sekunde mbili. Hesabu hadi kisigino kisipofika juu tena. Mchezaji aliye sawa hukaribia 25. Ukipata 24 kulia na 15 kushoto, hiyo tofauti ndiyo habari.

Pili, simama kwa mguu mmoja sekunde 30 bila viatu. Tatu, weka wayo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kama sentimita 10, kisha sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka; lisipogusa, kifundo kimekakamaa. Nne, keti kwenye kiti cha kawaida na unyanyuke kwa mguu mmoja. Goti likiangukia ndani, nyonga haijafanya kazi yake.

Rudia kila wiki mbili. Nambari zako za kabla ya jeraha ndizo zitakazokuambia umepona lini. Asiyezijua atategemea hisia, na hisia za mtu anayetaka kucheza Jumapili si za kutegemea.

Hatua ya 2: Mazoezi ya chumba kimoja

Wengi wetu tunaishi kwenye ploti, chumba kimoja, jirani yuko chini. Hiyo inatosha. Nguvu iliyokwisha kujengwa hubaki hata ukiifanyia kazi mara mbili kwa wiki. Mtu wa kuanzia sifuri afanye mara tatu, akiacha siku moja katikati.

Zoezi la kwanza kwa umuhimu ni la kisigino. Simama kwenye ngazi au kizingiti, vidole juu, visigino hewani. Panda kwa miguu miwili, shuka polepole kwa mmoja ukihesabu hadi tatu. Fanya seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka, kisha seti 3 nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ni miwili na huo wa ndani hufanya kazi goti likikunjwa. Ikiwa rahisi, vaa mkoba wenye pakiti mbili za unga wa kilo mbili.

Kwa nyuma ya paja, piga magoti kwenye mto au godoro, mtu akushike vifundo vya miguu au uviingize chini ya kitanda kizito. Ukiwa umenyooka kutoka gotini hadi kichwani, jiachie mbele polepole, ukijizuia kwa paja mpaka ushindwe, kisha jidake kwa mikono. Anza na mara 3 hadi 5, seti mbili, mara moja kwa wiki. Utaumwa siku mbili na usiogope. Timu zinazofanya zoezi hili kwa uaminifu hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Sijui zoezi jingine lisilo na gharama linalolipa hivyo.

Ongeza kuchuchumaa ukiwa umekumbatia mtungi wa maji uliojazwa nusu, na kuinua kiuno ukiwa umelala chali kwa mguu mmoja. Kamba ya kuruka ni nzuri lakini iogope kidogo. Mwaka 2020 kila mtu aliruka kamba kwenye sakafu ya saruji, nusu saa kwa siku, pekupeku, na goko zikalia. Ruka kwenye udongo au nyasi ukiwa na raba, dakika moja, pumzika moja, mara tano. Wiki inayofuata ongeza raundi mbili.

Hatua ya 3: Kukimbia peke yako bila kujiharibu

Mchezaji wa mpira akifungiwa hugeuka mkimbiaji wa masafa. Anakimbia kila siku, njia ile ile, mwendo ule ule. Hapo hupata majeraha mawili kwa pamoja: ugoko na kisigino vinachoka kwa marudio, na misuli inasahau kasi. Usikimbie siku mbili ngumu mfululizo. Kila wiki, wiki ya kwanza pia, weka siku moja ya mbio fupi 4 hadi 6 za mita 60 kwa kasi ya robo tatu kwenye ardhi laini, mwili ukiwa umeshapata joto, ili paja lisisahau.

Njia ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Hapa Nakuru vijana hupenda kupanda Menengai, na Kisumu wanapenda kilima cha Riat. Kupanda kuna heri. Kinachovunja miguu ni kushuka, maana paja na ugoko hufanya kazi ya breki kwa kila hatua. Kama miguu ilikuwa imekaa, panda kwa mbio na ushuke kwa kutembea kwa wiki nne za kwanza. Barabara ya udongo ulioshikamana ni bora kuliko lami, na lami ni bora kuliko ukingo wa barabara ulioinama, ambao hufanya mguu mmoja ufupike siku zote. Ukilazimika kutumia ukingo, rudi kwa upande ule ule wa barabara ili mguu wa pili uchukue zamu yake.

Viatu: wengi tunanunua mitumba, soko la Kibuye kule Kisumu au sokoni kwetu, wala si aibu. Kabla ya kulipa, weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache, hata kiwe kinang'aa vipi. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa. Kipinde: kiatu kizuri hupindia kwenye vidole, kibovu hupindia katikati.

Hatua ya 4: Saa ya kwanza baada ya kuumia

Simamisha mchezo. Usimwambie mtu "jikaze". Vua kiatu taratibu, tazama miguu yote miwili, gusa.

Sasa jiulize kama kuna mfupa uliovunjika. Kwa kifundo kuna kanuni ambayo madaktari hutumia duniani kote, na kocha yeyote anaweza kuikumbuka. Muulize kama anaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza mfupa wa nyuma wa kila fundo, la ndani na la nje, kuanzia ncha kwenda juu vidole vinne. Bonyeza pia uvimbe wa mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na mfupa ulio juu ya uvungu wa wayo upande wa ndani. Akishindwa hatua nne, au mojawapo ya sehemu hizo ikiuma kwa kubonyezwa, anahitaji eksirei. Akitembea na mifupa isiume, huenda ni kuteguka tu.

Aliyesikia pigo nyuma ya kisigino, mlalishe kifudifudi, miguu ining'inie nje ya benchi, minya shavu la mguu. Wayo ukisogea, kano ipo. Usiposogea na ule mwingine unasogea, kano imekatika. Hospitali leo leo. Winga wangu wayo wake ulisogea. Nilishusha pumzi.

Mambo haya hayangojei asubuhi, kafyu iwepo isiwepo: mguu uliopinda, mfupa uliotokeza, vidole baridi au vilivyokufa ganzi, na ugoko unaozidi kuwa mgumu na kuuma kila dakika inavyopita hata baada ya kupumzika. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya mlio wa "pwa" lionwe na daktari siku hiyo au kesho yake. Wakati wa korona watu waliogopa hospitali, nami nilielewa hofu hiyo, lakini vijana walikaa na mivunjiko nyumbani mpaka mifupa ikaunga vibaya.

Usiuvute mguu uliopinda. Kata boksi la katoni, likunje pande zote mbili za mguu, lifunge kwa leso juu na chini ya jeraha, kamwe si juu yake. Gusa vidole kila baada ya dakika kumi. Vikiwa baridi, legeza. Usimpandishe boda boda mguu ukining'inia. Tuktuk inafaa zaidi, aketi kwa kukingama kiti cha nyuma, mguu umenyooka.

Kama hakuna dalili za hatari: barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa siku ya kwanza. Maji yaliyogandishwa kwenye chupa ya plastiki yanatosha. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu. Lala mguu ukiwa juu ya mto. Kwa siku mbili au tatu achana na maji ya moto, pombe na kuchua. Najua tumelelewa na mafuta ya kuchua, na mama anayekuchua anakupenda kweli, lakini kilichochanika kinatoka damu ndani, na kukisugua ni kukifungua tena. Fundi wa kuunga mifupa wa kijijini naye aheshimiwe, ila asivute chochote kabla ya eksirei.

Dawa ya maumivu ya kuanzia ni paracetamoli. Ibuprofen na diclofenac zisiwe za kumezwa ovyo siku za mwanzo, na usichome sindano ya kuzima maumivu ili ucheze. Maumivu ndiyo mlinzi pekee uliyebakiwa naye.

Hatua ya 5: Kila jeraha na njia yake

*Kifundo kilichoteguka.* Ndilo jeraha la kawaida kuliko yote, na ndilo linalodharauliwa zaidi. Watu hulipumzisha wiki tatu kitandani, halafu linateguka tena wiki ya kwanza. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Tembea mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Wiki ya pili anza kusimama kwa mguu mmoja, na usitafute muda maalumu: fanya ukipiga mswaki, asubuhi mguu wa kulia, usiku wa kushoto. Ukiweza, fumba macho. Kamba zinazounga mfupa na mfupa kifundoni, zikiteguka, hupoteza uwezo wa kuuambia ubongo mguu uko wapi, na zoezi hili ndilo linalourudisha. Endelea miezi mitatu hata kama umeshaanza kucheza.

*Ugoko.* Hapa naomba uwe makini kuliko popote. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko kutoka juu hadi chini. Maumivu yakienea sehemu ndefu, zaidi ya upana wa vidole vitatu, na yakipungua ukipata joto, huo ni uchovu wa mfupa na misuli: punguza mbio nusu, tafuta ardhi laini, fanya zoezi la kisigino. Lakini kama kidole kimoja kinagusa nukta moja ukaruka, kama mguu unauma usiku, kama kurukaruka kwa mguu huo hakuwezekani, huo unaweza kuwa mfupa ulioanza kupasuka. Acha kukimbia siku hiyo hiyo. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza mara nyingi huonyesha mfupa mzima, kwa hiyo picha safi isikupe ruhusa. Mara nyingi utahitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji, yanayozidi akikanyaga, yaogopwe zaidi, kwani shingo ya mfupa wa paja ikipasuka hadi mwisho ni upasuaji.

*Kano ya kisigino inayouma.* Dalili yake ni asubuhi: hatua za kwanza kutoka kitandani ni za mzee. Mapumziko matupu hayaiponyi. Zoezi la kushuka polepole lililoko Hatua ya 2 ndilo dawa, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Wiki kumi na mbili, hata ikiacha kuuma wiki ya nne. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya 3 yanakubalika wakati wa zoezi, mradi asubuhi inayofuata mguu usiwe mbaya kuliko jana. Kama maumivu yako chini kabisa, pale kano inaposhika mfupa, fanya zoezi sakafuni bila kushusha kisigino chini ya ngazi.

Na jambo ambalo wachezaji wengi hawajaambiwa: dawa kama ciprofloxacin, ambayo watu hujinunulia kwenye duka la dawa wakihisi taifodi, inaweza kudhoofisha kano hadi ikatike. Usiinunue bila daktari. Ukiandikiwa, mwambie unacheza, na usifanye mbio za kasi.

*Nyuma ya paja na shavu la mguu.* Usiunyooshe kwa nguvu wiki ya kwanza. Tembea, kisha inua kiuno, kisha kushuka polepole, kisha mbio za polepole. Kosa la kila mtu ni kurudi kwenye mechi kabla hajakimbia kasi yake kamili mazoezini, angalau siku mbili tofauti, bila kuhisi chochote.

*Goti linalouma mbele ukishuka ngazi.* Punguza milima, imarisha paja na nyonga, na uwe mvumilivu. Goti linalojifunga au kulegea ghafla ni la daktari.

Hatua ya 6: Kalenda ya kurudi

Makocha wa mazoezi ya nguvu wa vyuo vya Marekani walikubaliana mwaka 2019 juu ya mpango ambao nimeutumia tangu nilipojua makosa yangu. Chukua kazi ya juu uliyokuwa ukiifanya kabla ya kufungiwa. Wiki ya kwanza punguza kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kama timu ilifanya mbio 10 za mita 40, wiki ya kwanza ni 5. Wiki hiyo kasi nayo isizidi robo tatu, na kupumzika katikati kuwe kurefu. Mechi kamili isichezwe kabla ya wiki ya tano. Waliokaa zaidi ya miezi miwili waongeze wiki mbili.

Anayetoka kwenye jeraha aanze kwa kutembea dakika 30 bila maumivu. Kisha akimbie dakika 1 na kutembea 2, mara 8, siku moja ndiyo, moja hapana. Kikao cha pili kikipita salama, 2 kwa 2. Halafu 3 kwa 1. Halafu dakika 20 mfululizo. Mguu ukiuma kesho yake asubuhi, rudi hatua moja nyuma. Kukata kona kuje baada ya mbio za moja kwa moja, na kugongana na wengine kuje mwisho kabisa.

Ruhusa ya kucheza inatolewa na daftari. Mguu ulioumia ufikie asilimia 90 ya mzima katika kuinua kisigino na katika kuruka mbele kwa mguu mmoja.

Kupasha joto kusipungue dakika 15 hadi 20. FIFA 11+, mpango ambao mtu yeyote anaweza kuufuata bila kifaa chochote isipokuwa mpira, unachukua dakika 20 hivi na umethibitika kupunguza majeraha. Giza likikaribia, kata mechi ya mazoezi. Usikate hiki.

Waliougua korona

Aliyeugua asifanye mazoezi akiwa na dalili, na aanze kwa kutembea baada ya wiki nzima bila dalili. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu au kuzirai, daktari kwanza. Na kuhusu mguu: korona na kulala kitandani kwa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma bila kuumia popote, usilichue wala usikimbie. Nenda hospitali. Pumzi ikikatika ghafla pamoja na hilo, ni dharura.

Watoto waliokua wakiwa nyumbani

Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Mtoto wa miaka 12 aliondoka uwanjani akiwa na mguu mmoja akarudi na mwingine. Mifupa ilirefuka, misuli ikabaki imevutwa, na mahali kano inaposhika mfupa unaokua pakaanza kuuma: chini ya goti, pale penye nundu, na nyuma ya kisigino. Makocha tuliwaita wavivu. Hawakuwa wavivu. Mpunguzie kuruka na mbio za kasi mpaka atembee bila kuchechemea, na kila muhula mpime urefu mlangoni kwa penseli. Alama ikipanda haraka, mazoezi yashuke.

Chakula nacho hakihitaji duka la kifahari. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo ni chokaa ya mifupa kwa bei ya mkononi. Ongeza mala, maharagwe, mboga za kienyeji. Hatari kubwa ni kula kidogo kuliko kazi, jambo ambalo kazi zilipokatika lilikuwa katika nyumba nyingi. Msichana anayekimbia ambaye hedhi imekoma miezi mitatu mfululizo, mifupa yake iko hatarini. Kocha mwanamume akiona vigumu kuuliza, amtafute dada au mama wa timu aulize.

Winga wangu alikuja uwanjani wiki ya saba, njumu mkononi, timu ikiwa na mechi Jumapili. Nikamsimamisha kwenye ukuta wa choo cha uwanja tukahesabu pamoja. Mguu wa kushoto, 24. Wa kulia ulianza kutetemeka kwenye 17, ukafika 19, kisigino kikagoma. Alinitazama. Nikamwandikia 19 kwenye daftari, na tarehe, akafunga kamba za njumu pamoja na kuzitundika begani, akaenda kukusanya koni.